Saba Saba haigawanyiki

Ukitaja Saba Saba jijini Dar es Salaam, anayekusikia anafikiria mabanda ya maonyesho kando ya Barabara ya Kilwa, foleni ndefu ya magari, wazazi waliowashika watoto mikono na wafanyabiashara wanaonadi vyombo, samani na dawa za asili. Ukilitaja jina hilohilo Nairobi, anayekusikia anafikiria maduka yaliyofungwa mapema, vizuizi vya polisi kwenye barabara za kuingia mjini na moshi wa mabomu ya machozi. Tarehe ni moja, Julai 7, na jina ni moja katika lugha moja, ila mpaka wa Namanga umeligawa. Tangu 2021 siku hiyo imepata maana nyingine tena: Novemba mwaka huo UNESCO iliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa heshima hiyo na shirika la Umoja wa Mataifa. Nadhani tumekosea kuziacha maana hizi ziishi kila moja chumbani mwake. Mzizi wake ni mmoja, nao ni haki ya watu wa kawaida kukusanyika na kusema ya moyoni kwa lugha wanayoelewana. Sherehe ya Kiswahili inayoinyamazia haki hiyo huisifu lugha huku ikiwaacha wasemaji wake nje ya ukumbi.

Tuanze na Jumatano ya Julai 7, 1954. Siku hiyo wajumbe wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichokuwepo tangu 1929, walikubaliana Dar es Salaam kukigeuza kuwa chama kamili cha siasa. Wakakiita TANU na kumchagua Julius Nyerere kuwa rais wake. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mtawala akiwa Mwingereza, na ilikuwa na makabila zaidi ya 120. Chama kilichotaka kusikika Bukoba, Songea na Tanga kwa pamoja kilihitaji lugha ambayo mwenyeji wa kila upande angeijibu. Kiswahili kilikuwa kimeshafika huko. Kilipita na misafara ya wafanyabiashara, kikatumiwa na maakida wa Wajerumani, kikafundishwa shuleni, kikazungumzwa jeshini na mashambani mwa mkonge. Lakini mara nyingi mno mwananchi alikisikia kikitoka juu kuja chini: lipa kodi, beba mzigo, panga mstari. TANU haikukieneza Kiswahili kutoka sifuri, na tusiizulie sifa isiyo yake. Ilichofanya ni kukigeuza uelekeo. Lugha ambayo mkulima aliizoea kama ya amri akaanza kuisikia kama ya madai, na yeye mwenyewe akaitumia kudai.

Serikali ya kikoloni iliuelewa mgeuko huo upesi. Haikuipiga marufuku lugha, kwa kuwa yenyewe iliitumia kutawala. Ilipaminya mahali lugha inapokuwa na nguvu, yaani mkutano na gazeti. Tawi la TANU la Mwanza lilinyimwa usajili 1954, na kwa miaka minne, hadi 1958, chama hakikuweza kufanya kazi zake kisheria katika eneo lile lenye watu wengi na pamba nyingi. Mwaka 1957 Nyerere alizuiwa kwa miezi kadhaa kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika kijarida cha chama, akatiwa hatiani na kutozwa faini ya pauni 150, sawa na shilingi 3,000 za wakati ule. Ukiyatazama mashtaka na makatazo hayo, humkuti Nyerere akikamatwa na bunduki au mkuki. Kosa lake lilikuwa kusema, tena mbele ya watu. Karatasi iliyoitwa kibali ndiyo iliyokuwa mkononi mwa mkoloni, na ndiyo ninayowaomba wasomaji waikumbuke tunapovuka mpaka kwenda Kenya.

Kenya ya 1990 ilikuwa huru kwa miaka 26 na ushei, lakini kibali kilikuwa bado kipo, na sheria iliyokiweka ilitungwa enzi za ukoloni. Chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga kilipigwa marufuku 1969. Juni 1982 Bunge likaongeza katika katiba kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee. Mwaka 1988 ukaja uchaguzi wa mlolongo, ambapo mpiga kura alitakiwa kusimama nyuma ya mgombea wake au picha yake huku kila mtu akimwona, chifu na mwajiri wakiwemo. Mistari mirefu ilitangazwa kuwa imeshindwa na mifupi. Kenneth Matiba, aliyekuwa waziri, alijiuzulu Desemba mwaka huo. Mei 1990 yeye na Charles Rubia, aliyewahi kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kudai vyama vingi, kisha wakaitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai. Serikali ilikataa kutoa ruhusa. Julai 4 Matiba na Rubia wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Raila Odinga naye akakamatwa.

Siku ya Jumamosi ilipofika watu walikwenda Kamukunji bila waliowaita. Jambo hili linastahili uzito kuliko linavyopewa. Mkutano ambao viongozi wake wako kizuizini, ambao redio ya taifa imeukemea na polisi wameuzingira, kwa kawaida hufa kabla ya kuanza. Huu haukufa. Wachuuzi, makanga wa matatu, mafundi wa jua kali na vijana wasio na kazi walifika wakiinua vidole viwili, ishara ya vyama vingi, na walipotawanywa kwa virungu na gesi ghasia zikaenea katika mitaa ya Nairobi, kisha zikaifikia miji ya Kenya ya kati na Nakuru kwa siku kadhaa. Watu wasiopungua 20 waliuawa na zaidi ya 1,000 walikamatwa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakurudia afya yake kamwe hadi alipofariki 2018. Desemba 1991, miezi 17 baada ya mkutano ule uliokatazwa, kifungu cha 2A kiliondolewa, na Desemba 1992 Wakenya walipiga kura ya vyama vingi. Shinikizo la wafadhili kutoka nje lilichangia, hilo halipingiki. Lakini wafadhili walikuwepo miaka yote ya 2A, na walianza kubana fedha baada ya Kamukunji.

Kuna tukio jingine la Julai 7 ambalo halina uwanja wala wimbo, nalo ni la 2000. Mkataba wa kuanzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha Novemba 30, 1999, ulianza kufanya kazi kisheria siku hiyo. Jumuiya ya kwanza ilikuwa imevunjika 1977 kwa ugomvi wa viongozi na mgawanyo wa mali, na raia hawakuulizwa. Mkataba mpya ulijaribu kujisahihisha: uliandika kwamba Jumuiya itajengwa juu ya watu, ukataja utawala bora, demokrasia na haki za binadamu kuwa misingi yake, na ukasema Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano ya eneo zima. Lugha rasmi iliyowekwa ilikuwa Kiingereza. Hata hivyo angalia vilivyowekwa pamoja ndani ya waraka mmoja ulioanza kazi Saba Saba: lugha ya watu, na haki ya watu. Waandishi wa mkataba hawakuvitenganisha. Sisi tunaosherehekea ndio tuliovitenganisha.

Msomaji makini atanisimamisha hapa. Mwaka una siku 365, historia ina matukio yasiyohesabika, na kila tarehe ukiichimba utapata vitu vinavyoonekana kama vinaitana. Julai 7, 1937 majeshi ya Japani na China yalipambana kwenye Daraja la Marco Polo karibu na Beijing, na vita vikubwa vikaanza. Julai 7, 1978 Visiwa vya Solomon vilipata uhuru. Julai 7, 2005 mabomu yaliua watu 52 katika usafiri wa umma wa London. Je, nayo tuyafunge katika kifurushi hiki? Pingamizi hili ni la haki, na nalikubali kwa nusu. Tarehe peke yake haiunganishi kitu. Anayeona maana katika tarakimu za kalenda tu amekaribia upigaji ramli. Kinachoyaunganisha matukio yangu ni swali lililorudi kila mara, la nani anaruhusiwa kuita mkutano na kusema, na kalenda imetusaidia tu kuliona. Visiwa vya Solomon havina habari na swali hilo kwa lugha yetu, Kamukunji inayo.

Nusu ya pili ya jibu ni kwamba katika siasa zetu tarehe huchaguliwa kwa makusudi kuliko tunavyokiri. ASP ya Zanzibar ilizaliwa Februari 5, 1957. Ilipoungana na TANU kuwa CCM, siku iliyochaguliwa ni Februari 5, 1977, miaka 20 kamili. Na Kiswahili chenyewe kina tabia ya kuifanya tarehe kuwa jina: Saba Saba, Nane Nane. Nane ni neno la Kibantu tangu asili, saba tumelipokea kutoka Kiarabu. La zamani lilikuwa mfungate, ambalo leo limebaki ndani ya fungate, siku saba za maharusi. Tarehe ikishapata jina la kutamkika hivi, haibaki namba tena. Inaitwa, inangojewa, inarithiwa. Wakenya walioitisha maandamano Julai 7, 2023, na vijana walioyaitisha tena 2025, hawakuangukia tarehe hiyo kwa bahati. Waliichukua kama mtu anavyochukua jina la babu yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa mara nyingi ni Wakenya. Wanasema: TANU unayoisifu ndiyo iliyofanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja kisheria 1965, miaka 17 kabla ya kifungu cha 2A. Saba Saba ya 1954 ni kuzaliwa kwa chama kilichokuja kuwafungia wengine mlango. Saba Saba ya 1990 ni watu kuuvunja mlango wa aina hiyohiyo. Utaziwekaje katika sherehe moja? Sitawajibu kwa kusema kwamba chama kimoja cha Tanzania kilikuwa na ushindani wa wagombea wawili, ingawa ni kweli kilikuwa nao. Wala kwa kusema kwamba Nyerere mwenyewe, mapema 1990, alitamka hadharani kuwa kujadili vyama vingi si dhambi, ingawa naye alisema hivyo. Nawajibu kwamba wana haki, na hiyo ndiyo sababu ya kuziweka pamoja. Historia ya 1954 ikisimuliwa peke yake hugeuka sifa tupu: tulikuwa na chama, tulikuwa na lugha, tukapata uhuru. Ikikaa karibu na 1990 inauliza kwa nini waliokuwa wakinyimwa kibali walikuja kuwa wanyimaji wa kibali, tena kwa muda mfupi hivyo. Nayo ya 1990 ikisimuliwa peke yake hugeuka ugomvi wa ndani wa Kenya, wakati kumbe ni sura ya pili ya kitabu kilichofunguliwa Dar es Salaam.

Tanzania nayo ilipita mlangoni hapo, bila damu ya Kamukunji. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi 1991 na kukuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee. Pamoja na hayo ikapendekeza vyama vingi, kwa kuona kwamba wachache nao wana haki ya kuwa na jukwaa, na Julai 1992 sheria ikabadilika. Ni mojawapo ya maamuzi yenye hekima kubwa katika historia ya nchi ile. Baada ya hapo sikukuu ya taifa zima isingeweza tena kuwa siku ya kuzaliwa chama kimoja. Wakulima wakawa na Nane Nane yao, Saba Saba ikabaki ya biashara na maonyesho. Sina kinyongo na maonyesho. Mjasiriamali wa Singida anayeuza asali yake kwa mgeni kutoka nchi nyingine anafanya jambo la maana. Ila siku iliyokuwa ya kuuliza maswali ikawa ya kununua masufuria, na mtoto wa Temeke akakua bila kuambiwa kwa nini hakwenda shule siku hiyo. Kisha mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ikazuiwa, zuio likadumu hadi Januari 2023. Kwa miaka sita na zaidi, Saba Saba ilikuja na kupita katika nchi iliyozaliwa na mkutano wa hadhara, mabanda yamejaa na majukwaa ni matupu. Na ile ya mwisho kabla zuio kuondolewa, ya 2022, dunia ilikuwa imeshaanza kuiita Siku ya Kiswahili.

Wapo wapenzi wa lugha, na nawaheshimu, wanaoona kwamba kuichanganya siku hii na siasa ni kuihujumu. Kiswahili kimeenea, wanasema, kwa sababu si cha kabila lolote wala chama chochote. Serikali zimeanza kukikumbatia. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Julai 2022 kiwe lugha rasmi. Ukikifunga na maandamano utazitisha serikali hizo. Mfano wa Uganda ndio hasa unaonifanya nisikubaliane nao. Kwa miongo mingi Waganda wengi walikichukia Kiswahili, na hawakukichukia kwa sarufi yake. Kilikuwa lugha ya askari, waliyoisikia vizuizini barabarani na usiku mlangoni, katika miaka ambayo askari aliogopwa kuliko jambazi. Ngeli zilezile tunazoziimba Mombasa na Unguja zilisikika Kampala kama tishio. Lugha hupokea harufu ya kazi inayotumwa kufanya. Ikitumwa kuamrisha na kunyamazisha, watu wataikimbia hata ukiijengea vituo vya utamaduni katika kila mji mkuu. Ikitumwa kudai na kujadili, wataifuata bila kulazimishwa, kama walivyoifuata 1954. Kwa hiyo anayetaka Kiswahili kipendwe Uganda, Sudan Kusini na Congo ana sababu ya kilugha kabisa, kando na ile ya kiutu, ya kuchukia kirungu kinachosema Kiswahili.

Tukumbuke pia Julai 7, 2025, siku ya Jumatatu. Barabara za kuingia Nairobi zilifungwa tangu alfajiri, wafanyakazi wakatembea kwa miguu au wakarudi makwao. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliripoti vifo 31. Mmoja ni wa mtoto wa miaka 12 aliyepigwa risasi akiwa nyumbani kwao Kiambu, mbali na maandamano yoyote. Na siku hiyohiyo, kama kila mwaka, katika kumbi za eneo letu zilisomwa hotuba kuhusu Kiswahili kama lugha ya umoja na amani. Katika sherehe za kwanza za 2022 kaulimbiu ilikuwa amani na ustawi. Sidhani waliosoma hotuba hizo walikuwa watu wabaya au wanafiki. Programu zilikuwa zimepangwa miezi mingi nyuma. Lakini waliouawa walipiga kelele kwa lugha iliyokuwa ikisifiwa, na waliofyatua risasi walipewa amri kwa lugha hiyohiyo au waliielewa vema. Kuitaja amani siku hiyo bila kuwataja ni kuikosea lugha adabu.

Wengine watasema msiba na sherehe havikai pamoja. Katika desturi zetu hukaa, tena vizuri. Arobaini ina wali na ina dua. Matanga yana kilio na yana ngoma. Hatujawahi kuwa watu wasiojua kula na kuomboleza ndani ya ua mmoja.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti kubwa. Kamati zinazoandaa Siku ya Kiswahili, kila nchi na ile ya Jumuiya, ziweke katika ratiba saa moja ya mjadala wa wazi kuhusu uhuru wa kusema na kukusanyika, isiyo na mgeni rasmi wa kuuzima. Walimu wa historia Tanzania wafundishe 1990 ya Kenya, na wenzao wa Kenya wafundishe 1954 ya Tanganyika pamoja na 1965 yake. Viwanja vya Barabara ya Kilwa, vyenye nafasi ya kila aina ya bidhaa, vitenge banda moja la kueleza mkutano uliokizaa chama na makatazo yaliyoufuata. Sherehe za Jumuiya ziandaliwe mwaka mmoja katika uwanja wa Kamukunji wenyewe, na majina ya waliokufa yasomwe kwa Kiswahili. Hata wanaleksikografia wana kazi ya kufanya hapo, kwa maana wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya, wakitaka kukutana kuujadili uongozi wao, kwa miaka mingi wamekuwa hawaiti mkutano. Wanaita kamukunji.